Vifaru vyetu vya plastiki vina kutu kupita kiasi

Wasomaji wangu, leo tuweke programu na seva kando kidogo. Wanaonifahamu wanajua kwamba nikifunga kompyuta jioni huwa nashika brashi, na kwamba mezani kwangu hakukosekani kifaru cha vita cha plastiki kinachongoja rangi. Mara nyingi naulizwa hii ni kazi gani ya mtu mzima. Hilo nitalijibu siku nyingine. Leo nina ugomvi na wenzangu wa fani hii, na ugomvi wenyewe ni juu ya kutu.

Dai langu ni hili: vingi vya vifaru vya mfano vinavyopigiwa makofi siku hizi havikuigwa kutoka kwa vifaru. Viliigwa kutoka kwa vifaru vingine vya mfano. Mmoja alichora mchirizi wa kutu ubavuni, wa pili akauiga, wa kumi akauzidisha mara tatu, na sasa anayeanza leo anaamini kwamba kifaru kisicho na kutu hakijakamilika. Sisi wa kompyuta tunaijua sana tabia hii. Mtu ananakili kipande cha programu kutoka kwa mwenzake, kinafanya kazi, haulizi kwa nini, na baada ya miaka mitano kipande kile kimeenea kwenye mifumo ishirini na hakuna anayeweza kukwambia kinafanya nini.

Niwaeleze kwanza wasioijua kazi hii. Kifaru cha mfano huja kwenye sanduku kikiwa vipande vya plastiki, mara nyingi mamia, nawe unavikata na kuviunganisha kwa gundi. Kipimo kinachopendwa zaidi ni 1/35, yaani kila sentimita moja ya mfano ni sentimita 35 za kifaru chenyewe. Namba hiyo haikutokana na hesabu yoyote ya maana. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilipotengeneza kifaru chake cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilitaka kiweze kujiendesha kwa mota, kwa hiyo ukubwa wa bodi ukaamuliwa na nafasi ya betri. Walipopima baadaye wakakuta ni takriban 1/35. Wengine wakafuata. Kila ninaposikia watu ofisini wakisema "tutaliweka hivi kwa muda tu" huwa naikumbuka ile Panther.

Ukishaunganisha unapaka rangi, na hapa siri yote ni mpangilio wa matabaka. Rangi za laka huyeyushwa na thina kali. Enameli na rangi za mafuta huyeyushwa na tapentaini. Akriliki huyeyushwa na maji au spiriti. Tabaka la chini lazima liwe la aina isiyoyeyushwa na kile kilichomo kwenye tabaka linalofuata. Ukipaka akriliki ikakauka sawasawa, unaweza kupitisha juu yake rangi ya mafuta iliyolainishwa na tapentaini, ikaingia kwenye mianya na kuzunguka vichwa vya boliti, na usipopendezwa unaifuta bila kuidhuru ile ya chini. Ukivuruga mpangilio, unabaki na uji. Baada ya rangi ndipo huja kile ninachokiita kuchakaza: kukitia kifaru vumbi, tope, michubuko, madoa ya mafuta na, kwa bahati mbaya, kutu.

Sasa nirudi kwenye kuigana. Mfano ninaoutumia kila nikibishana ni Matilda, kifaru cha Waingereza cha mwanzo wa Vita vya Pili vya Dunia. Kule Misri mwaka 1940 na 1941 Matilda zilipakwa rangi tatu katika mabaka ya mishale iliyonyooka, mtindo unaoitwa Caunter kwa jina la brigedia wao. Kwa miongo mingi moja ya rangi hizo tatu ilipakwa na wenzetu buluu, tena buluu ya anga ya Mombasa mwezi wa Januari. Ilitoka wapi? Kwenye makumbusho Uingereza kulikuwa na Matilda iliyopakwa upya muda mrefu baada ya vita, nayo ikapewa buluu. Watu wakaipiga picha, picha zikaingia vitabuni, vitabu vikaongoza karatasi za maelekezo ndani ya masanduku, nasi tukapaka tulichoelekezwa. Mtafiti Mwingereza Mike Starmer alirudi kwenye amri na viwango vya rangi vya wakati ule, na rangi alizozikuta ni Silver Grey namba 28, Slate namba 34, na Light Stone namba 61 au Portland Stone namba 64. Silver Grey ni kijivu chenye ukijani ndani yake. Buluu haimo.

Vifaru hivyo, tukiweka kando, havikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Vichache vilipelekwa Eritrea na kupigana Keren mwaka 1941, wakati majeshi mengine, pamoja na King's African Rifles, yakipanda kutoka Kenya kuingia Somalia na Ethiopia.

Buluu ile ilikuwa hitilafu moja yenye chanzo kimoja, ndiyo maana iliweza kusahihishwa. Kutu haina chanzo kimoja, na kila mtu ana sababu yake. Basi tuliangalie suala lenyewe kwa kifaru ambacho historia yake inajulikana vizuri: Tiger namba 131. Kilimalizwa kiwandani Ujerumani mwezi wa Februari 1943, kikavushwa hadi Tunisia mwezi wa Machi au Aprili, na Waingereza wakakiteka Aprili hiyo hiyo. Sasa kipo kwenye makumbusho ya Bovington, bado kinatembea, na ndicho mlichokiona kwenye filamu ya Fury ya mwaka 2014. Hesabu mwenyewe: kutoka kiwandani hadi kutekwa ni kama miezi miwili, na sehemu ya muda huo kilikuwa juu ya treni na meli. Halafu tafuta mifano ya plastiki ya kifaru hicho uone walivyokifanya. Utadhani kilizamishwa Bahari ya Hindi kikaopolewa baada ya miaka kumi.

Si kwamba chuma cha kifaru hakishiki kutu. Kinashika, na haraka, lakini kila sehemu kwa namna yake. Ekzosi ni bati jembamba linalopata moto na kupoa kila siku. Rangi yake huungua katika saa chache na kutu hufuata mara moja. Minyororo haina rangi ya kuilinda, hivyo usiku mmoja wa mvua unatosha kuifanya ya rangi ya chungwa. Lakini bamba la ubavuni ni jambo jingine. Kwenye Tiger ni chuma cha unene wa milimita 80 kwa sehemu kubwa, kimepakwa rangi ya msingi nyekundu-kahawia, kisha rangi ya juu. Ukikikwaruza, kwanza unaona rangi ya msingi. Ukikikwaruza zaidi unaona chuma, na chuma hicho kitafanya ngozi nyembamba ya kutu. Ile kutu inayovimba na kubanduka magamba-magamba inahitaji miaka ya kutelekezwa, na katika vita ile vifaru vingi havikuipata miaka hiyo. Vilipigwa, viliungua, au vilipitwa na wakati.

Kifaru kilichoungua ndicho chenye haki ya kuwa na kutu. Moto hula rangi yote, mpira wa magurudumu hugeuka majivu, na siku chache baadaye bodi nzima ni ya chungwa. Ukitaka kupaka kutu kwa raha zako, jenga kifaru kilichoungua. Lakini usisahau kwamba ndani mlikuwa na watu, na kwamba hiyo ndiyo picha unayoiweka sebuleni.

Wanaotetea kutu hunionyesha picha za zamani. Picha hizo nyingi ni za rangi nyeusi na nyeupe, na humo kutu, tope bichi na doa la mafuta vyote ni kijivu cheusi. Zaidi ya hayo, filamu za siku zile hazikuwa za aina moja. Zile za othokromatiki hazikuuona wekundu, kwa hiyo kitu chekundu kilitoka cheusi. Mtu anaona mchirizi mweusi chini ya mfuniko wa tangi la petroli, anasema "kutu", kumbe petroli ilimwagika na vumbi likanasa. Nikiona mchirizi kwenye picha huwa najiuliza kwanza uko chini ya nini.

Kisha kuna hesabu, ambayo inanishangaza kuona watu wakiikwepa. Ukichora mchubuko wa milimita 1 kwenye kipimo cha 1/35, umechora pengo la sentimita 3.5 kwenye kifaru chenyewe. Wa milimita 2 ni sentimita 7, karibu upana wa kiganja. Sasa chukua mifano ile inayosifiwa na uhesabu ni mapengo mangapi ya upana wa kiganja yamo kwenye mlango mmoja wa juu. Nani aliyekipiga kile chuma kwa shoka? Vumbi nalo lina kipimo. Chembe ya milimita 0.1, ambayo kwetu ni mchanga mwembamba, kwenye kifaru inakuwa na milimita 3.5, sawa na punje ya mtama. Ndiyo maana vumbi la mfano lazima liwe laini kama poda ya mtoto, la sivyo umemwagia kifaru chako kokoto. Hesabu ya tatu ni ya macho: ukiutazama mfano kutoka sentimita 50, ni kama umesimama mita 17.5 kutoka kwa kifaru chenyewe. Nenda ukasimame mita 17 kutoka kwa lori lolote uone ni mikwaruzo mingapi unayoihesabu. Utaona vumbi, tope, na rangi iliyopauka. Mikwaruzo utaona michache.

Na hapo ndipo sisi wa huku tuna bahati ambayo hatuitumii. Kenya hakuna makumbusho ya Tiger, lakini kuna tingatinga kila barabara inapojengwa, nalo ni ndugu wa karibu wa kifaru: chuma kinene, minyororo, injini ya kishindo, dereva asiye na muda wa kulibembeleza. Mimi nimejifunza kuchakaza kwa kutazama tingatinga kuliko kwa kitabu chochote.

Tazama minyororo. Sehemu zinazokanyaga ardhi zinang'aa kama kisu, na njia ya ndani yanapopita magurudumu ya chuma inang'aa vilevile, ila mabonde yaliyo katikati ni kahawia na yamejaa udongo mkavu. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ung'avu wote umekuwa chungwa. Kufika saa tatu, baada ya kazi ya saa moja, umerudi. Kutokana na hilo unajifunza jambo moja la Tiger ambalo wengi hukosea. Tiger za mwanzo zilikuwa na magurudumu yenye mpira, na mpira haung'arishi chuma. Njia ya ndani ya minyororo yao haikuwa na michirizi ya fedha. Kilichong'aa ni yale meno ya katikati yaliyosuguana na magurudumu. Magurudumu yenye ukingo wa chuma yalianza kuwekwa mapema mwaka 1944, na hapo ndipo michirizi ile inapata uhalali wake. Kwa hiyo ukinionyesha Tiger ya Tunisia yenye njia mbili za fedha zinazometameta, nitajua uliutazama mfano wa mwenzako.

Tazama anapopanda dereva. Ngazi na mshikio vimepoteza rangi, lakini havina kutu: vinaguswa kila siku na mikono yenye grisi, vimekuwa vya kijivu laini. Tazama mdomo wa tangi, doa jeusi linalometa lililonasa vumbi kando kando. Tazama paa, vumbi jepesi kote isipokuwa pale buti zinapokanyaga. Kisha tazama bamba pana za ubavuni. Za njano! Zimepauka, zina tope chini, lakini bado ni za njano, na tingatinga hilo huenda lina miaka kumi na tano. Kifaru cha miezi miwili kitazidije hapo?

Ukiomba vizuri, dereva atakuruhusu kutazama na hata kupiga picha. Atakushangaa, lakini atakuruhusu. (Usijaribu hivyo karibu na kambi ya jeshi. Hapo sitanii.)

Tahadhari moja tu: jifunze tabia ya udongo wa kwetu, lakini usiichukue rangi yake. Udongo mwekundu wa Thika haukuwapo Kursk. Julai 1943 kule kulikuwa na udongo mweusi, ambao ukilowa unafanana na ule mweusi unaonasa magari yetu nyanda za Athi, na ukikauka unatoa vumbi la kijivu. Na Tunisia, ambayo kila mtu huipaka mchanga wa Sahara? Sehemu ya kaskazini walikopigania ni nchi ya mashamba na vilima. Majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943 matope yalikwamisha majeshi, na ifikapo Aprili kulikuwa na majani mabichi. Tiger 131 inahitaji tope lililokauka la kahawia nyepesi kwenye magurudumu. Ngamia mwachie mtu mwingine.

Najua watanijibu nini. Watasema huu ni usanii na mimi nataka kuufanya uhandisi. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Taa ya sebuleni haitoi kivuli kikali kama cha jua, kwa hiyo mfano uliopakwa rangi sahihi kabisa kwa namba unaweza kuonekana kama kipande cha sabuni. Lazima kuukolezea. Mbelgiji François Verlinden aliwafundisha watu hilo miaka ya 1980 kwa brashi iliyokaribia kukauka iliyopitishwa kwenye kingo, na baadaye Wahispania, Mig Jiménez akiwa mbele, wakaleta vichujio vya rangi, unga wa vumbi na mwanga wa kuchora. Mengi ninayoyafanya nimeyapata kwao. Mchora katuni naye hukoleza pua, lakini anakoleza pua ambayo mtu anayo. Ugomvi wangu ni na anayechora pua ya pili.

Hata mbinu zinazotumiwa vibaya zina mahali pake. Chukua ile ya sprei ya nywele. Unapaka rangi ya chini, unapulizia sprei ya kawaida ya saluni, inakauka, unapaka akriliki juu. Kisha unalowesha kwa maji; maji yanapenya ile akriliki nyembamba, yanalainisha sprei, na ukisugua na brashi rangi ya juu inabanduka vipande vipande. Watu huitumia kufunua kutu isiyokuwapo. Lakini majira ya baridi huko Urusi askari walipaka vifaru vyao chokaa nyeupe kwa haraka, wakati mwingine kwa ufagio, na chokaa hiyo ilitoka kwa mvua, kwa buti, kwa matawi ya miti. Hakuna mbinu inayoionyesha vizuri kuliko sprei ya nywele. Vivyo hivyo kwa Wajerumani baada ya Februari 1943: kifaru kilitoka kiwandani na njano iliyokolea, halafu askari wakapewa rangi ya kijani na ya kahawia ikiwa nzito kama lami, waichanganye wenyewe na petroli au, wakikosa, maji. Iliyochanganywa na maji haikushika vizuri. Huo ni uchakavu wenye sababu, na ajabu ni kwamba mara chache sana nauona kwenye meza za mashindano.

Nina sababu moja zaidi ya kulisema hili kwa sauti, nayo ni pesa. Mitindo hii huja na chupa zake. Kuna chupa ya kutu mpya, ya kutu kuukuu, ya mchirizi wa kutu, ya vumbi la nchi fulani, na kila moja ikiagizwa kutoka ng'ambo inabeba nauli na ushuru juu yake. Kijana wa Nakuru anayetaka kuanza anaona orodha ile anakata tamaa kabla ya kufungua sanduku. Hahitaji hata robo yake. Rangi za mafuta za wanafunzi wa sanaa, tyubu tatu au nne: nyeusi, nyeupe, kahawia mbili. Tapentaini kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Chaki na makaa vilivyosagwa, au udongo uliokaushwa juani na kuchujwa kwa stokingi mara mbili. Penseli laini ya 2B kwa ung'avu wa chuma. Isugue kwenye ukingo wa mnyororo uone, hakuna rangi ya fedha ya chupa inayoishinda.

Mezani sasa nina hiyo Tiger 131. Rangi imeshakauka, na wiki hii naanza rangi ya mafuta kwenye mianya. Kutu nimeitengea mahali pawili, bamba za ekzosi na mabonde ya minyororo. Alama za makombora ya Waingereza, ambazo kwenye kifaru chenyewe zinaonekana hadi leo, nitaziacha za kijivu cha chuma kibichi, kwa kuwa nakijenga kama kilivyokuwa siku ile kilipotekwa. Rafiki yangu ameshaniambia kitaonekana hakijamalizika. Picha nitaziweka hapa mwezi ujao, kazi za ofisini zikiniruhusu.